Chombo Kinachopumua: Je, Kiumbe Hai Aweza Kumchukua Mtu Hadi Nyotani?

Tangu zama za kale mwanadamu amesafiri juu ya migongo ya viumbe wenye uhai. Amepanda punda, farasi, ngamia na tembo, wala hakuona ajabu. Lakini alipotaka kuvuka maji alikwenda kwanza kuuangusha mti, akauacha ukauke, ndipo akaupasua mbao za kuundia jahazi. Katika nchi kavu chombo chake kilikuwa hai. Baharini kilikuwa maiti ya mti. Sasa amefika angani, na huko amekwenda na alumini, chuma na kioo, vitu ambavyo havikupata kuwa na uhai hata siku moja. Ndiyo sababu watunzi wa hadithi za kubuni za kisayansi wamelipenda mno swali hili: je, haiwezekani chombo cha angani kikawa kiumbe mwenye uhai wake mwenyewe, mwenye kula, kupumua, kupona jeraha na kuzaa, naye akawabeba watu ndani ya mwili wake?

Wasomao Kurani na wasomao Biblia wanaijua habari ya Nabii Yunus, au Yona, aliyekaa tumboni mwa samaki. Huyo alikuwa abiria wa chombo hai, na yafaa kukumbuka jambo moja katika safari yake: hakushika usukani. Alifikishwa pale alipotakiwa kufika, si pale alipotaka yeye. Watunzi wa siku hizi wanaosimulia habari za vyombo hai hurudi mara kwa mara kwenye jambo hilo hilo, hata wale ambao yumkini hawakuwa na nia ya kulifikia.

Miongoni mwa hadithi hizo, iliyo karibu zaidi na msomaji wa Kiafrika ni ile ya Nnedi Okorafor, mwandishi wa Marekani aliyezaliwa na wazazi wa Kinigeria. Mwaka 2015 alichapisha kitabu kifupi kiitwacho "Binti", jina ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji kufasiriwa, nacho kikapata tuzo mbili kubwa za hadithi za namna hiyo, Nebula na Hugo. Mwenye hadithi ni msichana wa kabila la Wahimba wa Namibia, anayetoroka nyumbani ili akasome katika chuo kikuu kilicho kwenye dunia nyingine. Chombo kinachomchukua ni kiumbe wa jamaa ya kamba, yule wa baharini ambaye wakazi wa pwani humpika kwa nazi. Gamba lake gumu lastahimili ukali wa anga, na ndani ya mwili wake mna vyumba vitatu vikubwa vya kupumulia, vilivyopandwa mimea iotayo upesi, ili hewa chafu itokayo kwa abiria iingie humo na hewa safi itoke. Katika kitabu cha tatu, cha mwaka 2018, kiumbe huyo ana mtoto, naye mtoto abeba abiria.

Msomaji asipite haraka katika habari ya vile vyumba vitatu. Mtunzi dhaifu angesema tu kwamba samaki huyo ni mkubwa na watu wakaishi ndani yake, basi. Okorafor amejua kwamba kiumbe mwenye uhai si nyumba tupu. Ana pumzi yake, nao abiria wana pumzi yao, na lazima pawe na mpango kati ya pumzi hizo mbili. Hapo ndipo ulipo uzito wa jambo lote, na tutalifikia baada ya kuyaondoa njiani maswali yaliyo mepesi zaidi.

Swali la kwanza ambalo kila mtu huliuliza ni kama mwili wenye uhai waweza kustahimili anga hata kidogo. Huko hakuna hewa. Upande uangaliao jua huchomeka kwa joto la kupita lile la maji yachemkayo, na upande wa kivulini huganda kwa baridi kali zaidi ya baridi yoyote ya duniani. Juu ya hayo kuna mionzi. Mwenye busara angejibu kwamba haiwezekani, naye angekuwa amekosea. Mwezi Septemba mwaka 2007 chombo cha Kirusi kiitwacho Foton-M3 kilichukua majaribio ya Shirika la Anga la Ulaya, na ndani yake mlikuwamo vijidudu viitwavyo tardigrada, vyenye miguu minane na urefu upatao nusu milimita, ambavyo kwa kawaida huishi katika maji ya kwenye kuvumwani na mosi zioteazo mawe na kuta. Walianikwa katika ombwe la anga kwa muda wa siku 10. Waliporudishwa na kutiwa maji, wengi wa wale waliokuwa wamekingwa na mionzi ya jua waliamka wakaendelea na maisha yao. Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 2005, ule utando wa manjano na kijani uotao juu ya mawe, ambao ni muungano wa kuvu na mwani, uliachwa wazi angani kwa wiki mbili hivi, nao ukarudi ukiwa hai.

Jaribio la kushangaza zaidi lilikuwa la Wajapani. Kuanzia mwaka 2015 waliweka nje ya kituo cha kimataifa cha angani vidonge vya bakteria wakavu wa aina inayostahimili mionzi, na baadhi yao walikaa huko miaka mitatu kamili. Matokeo yalipotangazwa mwaka 2020, ilionekana kwamba katika vidonge vinene bakteria wa tabaka la juu walikuwa wamekufa wote, na maiti zao zikawa ngao ya kuwakinga walio chini. Askari hahitaji kuelezwa zaidi.

Walakini kuna kasoro kubwa katika ushahidi huu wote. Vijidudu vile havikuishi angani, vilingoja tu. Tardigrada hukausha mwili wake, hukunja miguu, na kazi zote za uhai ndani yake husimama. Bakteria wale walikuwa wakavu kama unga. Hakuna hata mmoja aliyekula, aliyekua, aliyetembea wala aliyetengeneza kitu chochote. Kustahimili ni jambo moja, na kufanya kazi ni jambo jingine. Mlinzi aliyelala fofofo lindoni yu hai, lakini lindo halina mlinzi. Kiumbe atakayekuwa chombo hana budi kuwa macho wakati mwili wake wa nje uko katika ombwe, na hiyo ina maana kwamba ndani yake lazima pawe na maji, joto na hewa, na ngozi isiyopenyeza hata kimoja kati ya hivyo.

Je, ngozi hiyo yawezekana? Hapa viumbe wana hoja nzuri kuliko watu wadhaniavyo. Hewa ya kawaida ikifungiwa ndani ya chombo kilichozungukwa na ombwe, husukuma kila mita moja ya mraba ya ukuta kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa tani 10. Ni nguvu kubwa, lakini chembe ndogo za jani la mchicha hubeba kanieneo ya maji iliyo mara kadhaa ya hiyo, zaidi ya upepo uliomo katika tairi la gari dogo, wala jani halipasuki. Mti huweza kujenga kuta zenye nguvu kwa hewa, maji na jua tu. Na jambo ambalo chuma hakiliwezi kabisa ni kujiziba. Mtu akiikata ngozi ya mpapai au mfenesi, utomvu mweupe hutoka mara moja, hunata na kulifunga jeraha. Mwezi Agosti mwaka 2018 chombo cha Soyuz kilichokuwa kimefungwa kwenye kituo cha kimataifa kilionekana kina tundu lenye upana wa milimita 2, na hewa ilikuwa ikivuja. Wanaanga walilitafuta tundu hilo chumba hadi chumba, na hatimaye wakaliziba kwa gundi na kitambaa. Mfenesi ungelifanya kazi hiyo bila kuamshwa.

Kwa hiyo ngozi si kikwazo kikubwa. Injini ndiyo kikwazo. Ili kitu kizunguke dunia bila kuanguka lazima kiende kilomita karibu 8 kwa kila sekunde, na ili kiuache kabisa mvuto wa dunia lazima kifikie kilomita 11 na ushei. Msuli haujui mambo hayo. Kipanga aina ya kozi, anapojirusha kutoka juu kumkamata njiwa, huzidi kilomita 300 kwa saa, naye ndiye mwenye mbio kupita wanyama wote. Kasi hiyo ni chini ya kilomita moja ya kumi kwa sekunde. Kuna mbawakawa mmoja, anayepatikana hata katika Afrika, ambaye amekaribia ufundi wa roketi kwa namna ya kuchekesha. Akichokozwa huchanganya tumboni mwake dawa mbili, moja ikiwa peroksidi ya hidrojeni, ile ile inayotumiwa hospitalini kuoshea vidonda. Mchanganyiko huo huchemka na kuruka kutoka nyuma yake kwa milipuko midogo ipatayo mamia kwa sekunde, ukiwa na joto la maji yanayochemka. Waingereza walitumia dawa hiyo hiyo, ikiwa kali zaidi, kuisukuma roketi yao ya Black Arrow iliyopeleka satelaiti angani mwaka 1971. Hata hivyo moshi wa roketi hutoka kwa kasi ya kilomita mbili au zaidi kwa sekunde, na mate ya mbawakawa kwa mita 10 hivi. Tofauti hiyo haiwezi kuondolewa kwa kumkuza mbawakawa.

Watunzi wengi huliruka jambo hili kwa kusema kwamba kiumbe wao alizaliwa huko huko angani, hivyo hakuhitaji kupaa kutoka kwenye sayari. Ni ujanja halali. Robert Sheckley, Mmarekani, alifanya vizuri zaidi. Katika hadithi yake "Specialist" iliyotoka katika jarida la Galaxy mwaka 1953, chombo si kiumbe mmoja bali ni jamii ya viumbe walioshikamana: wapo walio Kuta, yupo Injini, yupo Jicho, yupo Mlishaji, yupo Daktari, na kila mmoja ametoka katika sayari yake na anajua kazi yake tu. Dhoruba yamwua Msukumaji, yule mwenye uwezo wa kukipeleka chombo kwa kasi ya ajabu, na wenzake wakwama mbali na kwao. Watafuta sayari ya Wasukumaji wapate mwingine, na sayari hiyo ni dunia hii. Binadamu ndio Wasukumaji, ila wamesahau kazi yao, na kwa kuikosa wamebaki kupigana wao kwa wao. Ni dhihaka, lakini kila mtu aliyepata kuishi katika kikosi, ambamo mpishi, fundi wa redio, dereva na mwuguzi hawawezi kubadilishana kazi na bado kila mmoja anamtegemea mwenziwe, ataona kwamba mtunzi huyo alijua alisemalo.

Sasa na tuje kwenye chakula. Chombo cha chuma kikiegeshwa hakili. Kiumbe hula hata akiwa amelala, na angani hakuna malisho ila jua. Katika umbali wa dunia, mwanga wa jua huleta wati 1,360 hivi kwa kila mita moja ya mraba. Mimea ya mashamba huhifadhi asilimia 1 au 2 tu ya nguvu hiyo, yaani wati 14 hadi 27. Mwili wa mtu mmoja aliyepumzika hutumia wati 100, sawa na balbu moja ya zamani. Hesabu hiyo yaonyesha kwamba kila abiria anahitaji mita 4 hadi 7 za mraba za majani yamulikwayo bila kukoma, na haipingani na yale yaliyoonekana kwa vitendo: huko Krasnoyarsk, Siberia, katika nyumba ya majaribio iitwayo BIOS-3 iliyokamilika mwaka 1972, watafiti wa Kisovyeti waliona kwamba mwani mdogo wa kijani uitwao klorela, ukitandazwa mita 8 za mraba chini ya taa, watosha kumpa mtu mmoja hewa yake. Watu watatu walikaa humo siku 180.

Lakini hesabu hiyo ni ya mahali tulipo. Kwenye sayari ya Mshtarii, ambayo wengi huiita Jupita, mwanga wa jua ni sehemu moja ya 27 ya ule wa hapa. Abiria mmoja angehitaji shamba la zaidi ya mita 100 za mraba, na hapo bado hatujahesabu chakula cha chombo chenyewe, ambacho kama ni kikubwa kuliko tembo kitataka kula kuliko tembo. Kwenda mbele zaidi ni kufa njaa polepole, chombo na abiria pamoja, na wa kwanza kupungua atakuwa yule mwenye mwili mkubwa. Mama mwenye nyumba ambaye amepata kugawa debe moja la unga kwa mwezi mzima ataielewa safari hiyo kuliko rubani.

Pamoja na chakula kuna hewa, na hapa hatuhitaji kubuni, kwa maana chombo kinachopumua kimekwisha kujengwa hapa hapa duniani. Tarehe 26 Septemba 1991 watu wanane, wanawake wanne na wanaume wanne, walijifungia katika jumba la vioo liitwalo Biosphere 2 katika jangwa la Arizona, Marekani. Eneo lake lilikuwa hekta moja na robo, na ndani yake mlikuwamo msitu, mbuga, bahari ndogo, mashamba, mbuzi na kuku. Nia ilikuwa kuishi miaka miwili bila kuletewa hewa wala chakula kutoka nje, kama watu waliomo katika safari ya mbali. Vioo vilizibwa kwa ustadi mkubwa. Hata hivyo hewa ya oksijeni, ambayo kwa kawaida ni karibu asilimia 21, ilianza kupungua mwezi hadi mwezi bila mtu kujua inakokwenda. Baada ya miezi 16 ilikuwa imeshuka chini ya asilimia 14 na nusu. Wakazi walipumua kama watu walio juu ya mlima wa mita 4,000, mahali ambapo wapandaji wa Ruwenzori na Kilimanjaro huumwa kichwa na kukosa usingizi. Walichoka kwa kupanda ngazi tu. Mwezi Januari mwaka 1993 ilibidi wapelekewe oksijeni kutoka nje.

Mwizi alikuwa nani? Ni udongo. Ulikuwa umetiwa mboji nyingi ili mazao yastawi, na vijidudu vilivyomo katika mboji viliila oksijeni na kutoa hewa ya kaboni. Mimea ingeweza kuigeuza hewa hiyo kuwa oksijeni tena, lakini saruji mpya ya kuta iliinyonya kabla mimea haijaifikia. Hakuna aliyefanya uovu. Kila kiumbe alifanya kazi yake ya asili, na kwa kufanya hivyo wakawakaribisha watu wanane kwenye kukosa pumzi. Wadudu waliotazamiwa kuchavusha maua walikufa karibu wote. Mende na sisimizi walistawi mno. Hiyo ndiyo tabia ya chombo hai. Hakina uadui na abiria, ila pia hakipo kwa ajili ya abiria.

Kisha kuna maradhi, jambo ambalo watunzi wengi hulisahau, ingawa wazee wa Afrika Mashariki walilishuhudia kwa macho yao. Katika vita vya mwaka 1914 hadi 1918, majeshi ya Kiingereza yaliyowafuata Wajerumani katika nchi ambayo leo ni Tanzania bara yalileta farasi, baghala na ng'ombe wa kukokota kwa wingi. Wakati huo hapakuwa na usafiri bora zaidi: mnyama hakuhitaji petroli, alivuka mto, alikula majani ya njiani. Lakini mbung'o aliwangoja msituni, na kijidudu kisichoonekana kwa macho alichokibeba kiliingia katika damu yao. Walikufa maelfu kwa maelfu, na njia zikanuka mizoga. Mizigo ikahamia vichwani mwa wapagazi, nao wapagazi wakafa kwa makumi ya maelfu, kwa kuhara, njaa na uchovu. Jina la Kariakoo, katika Dar es Salaam na katika Nairobi, ni ukumbusho wao. Gari likiharibika huletwa kipuri. Baghala akiugua nagana hana kipuri, na jeshi lote lililotegemea mgongo wake lasimama. Chombo hai cha angani, chenye damu inayozunguka katika kila ukuta, kitakuwa nchi nzima isiyo na mipaka kwa kijidudu cha kwanza kitakachokipenda, na huenda kijidudu hicho kikatoka puani mwa abiria mwenye mafua.

Hata tukijalia kwamba yote hayo yameshindwa, yaani kiumbe amepatikana mwenye nguvu, mwenye afya na mwenye chakula cha kutosha, bado kuna swali ambalo sayansi hailijibu. Amri itatoka kwa nani? Mfululizo wa televisheni uitwao "Farscape", uliotengenezwa Australia na kuonyeshwa kati ya mwaka 1999 na 2003, ulijengwa juu ya swali hilo. Moya ni chombo hai, kiumbe mpole wa kike aliyefungwa kola ya kumtawala na jeshi lijiitalo Walinda Amani, jina ambalo halikulifaa hata kidogo. Wafungwa waliomo ndani yake wanaivunja kola hiyo, na wote wanatoroka pamoja. Tangu siku hiyo hawawezi kumwamuru. Lazima wamwombe, tena kwa kupitia kwa mwendeshaji aliyeungana naye mwilini. Na Moya alikuwa na mimba. Jeshi lile lilikuwa limefanya jaribio la kupata chombo hai cha vita, kwa hiyo mtoto wake, Talyn, azaliwa na mizinga mwilini, tofauti na mamaye asiye na silaha yoyote. Ni mtoto mwenye hasira, asiyejua la kufanya na nguvu alizopewa, na mwisho wake si mwema. Katika hadithi zote za vyombo hai, hakuna iliyosema kwa uwazi zaidi kwamba anayeagiza kiumbe azaliwe kwa ajili ya kazi fulani amechukua deni ambalo hakuandikiwa popote.

Wanasayansi waliolifikiria jambo hili kwa dhati wamejaribu kulikwepa deni hilo kwa kuchagua kiumbe asiyehisi. Freeman Dyson, mwanafizikia mzaliwa wa Uingereza aliyefanya kazi Marekani hadi alipofariki mwaka 2020, alitoa hotuba mjini London mwezi Mei mwaka 1972, akapendekeza mti. Si mti wa kawaida, bali mti uliorekebishwa mbegu yake ili uote juu ya nyota yenye mkia, kwa sababu nyota hizo zina barafu na kaboni, yaani maji na mbolea. Mvuto wa huko ni mdogo mno, hivyo alikadiria kwamba mti ungeweza kurefuka mamia ya kilomita bila kuvunjika kwa uzito wake. Majani yangekusanya jua la mbali, na oksijeni ingeteremshwa kupitia shinani hadi mizizini, ambako watu wangeishi. Nyota yenyewe tayari inasafiri, kwa hiyo injini haihitajiki. Mti hauombwi ruhusa wala hauwekewi kola. Tatizo lake ni kwamba haukwendi mtu atakako: yeye hufuata njia ya nyota yake kama Yunus alivyomfuata samaki wake, na huchukua miaka mingi kukua kabla ya mkazi wa kwanza kuhamia.

Wazo lililo karibu zaidi na kutimia ni dogo kuliko hilo, nalo linatoka kwa kiumbe ambaye kila mama amemwona juu ya mkate wa siku nyingi. Katika Kituo cha Ames cha NASA, California, Lynn Rothschild na wenzake wamekuwa wakichunguza namna ya kuotesha nyumba za mwezini na Mirihi kwa nyuzi za kuvu. Badala ya kubeba kuta nzito kutoka duniani, msafiri angechukua kuvu aliyelala ndani ya mfuko mwepesi uliokunjwa. Akifika angeufungua, angemtia maji na chakula kitokacho kwa mwani, na nyuzi zingeujaza mfuko na kuwa ukuta mnene, mwepesi na usiopitisha baridi kwa urahisi. Mwaka 2018 wanafunzi walioshiriki katika kazi hiyo waliotesha kiti kidogo cha kukalia kwa njia hiyo, kwa muda wa wiki mbili.

Kuvu wa namna hiyo, kama angeachwa, angeendelea kuota. Angeweza kujiziba akitoboka, kama wapendavyo watunzi wa hadithi. Angeweza pia kuingia katika hewa ya abiria, katika chakula chao na katika mapafu yao. Katika kituo cha Kirusi cha Mir, miaka ya 1980 na 1990, ukungu uliota wenyewe juu ya vioo na nyuma ya mitambo, nao ulikuwa kero kwa wanaanga. Kwa hiyo watafiti wa Ames wamepanga hatua moja ya mwisho kabla ya mtu yeyote kuingia kulala. Ukuta ukishakua na kufikia umbo lake, utatiwa joto kali kama mkate katika tanuri, mpaka uhai wote uliomo utoke.